Bawa la kujazwa upepo: hewa inafanya kazi gani humo ndani?

Ukimwambia mtu kwamba kuna ndege zenye mabawa ya kitambaa yanayojazwa upepo kama tairi, jibu mara nyingi ni lile lile: "Kumbe inaelea kama puto." Haielei. Mkanganyiko huo usipoondolewa mapema, mengine yote katika habari hii hayataeleweka, kwa hiyo tuanze nao.

Puto linalopaa na watalii alfajiri juu ya Serengeti hupanda kwa sababu hewa iliyomo imepashwa moto ikawa nyepesi kuliko hewa baridi inayolizunguka. Bawa la kujazwa upepo lina hewa ya kawaida, tena iliyoshindiliwa. Mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Ukiishindilia mpaka presha yake iizidi ya nje kwa kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba, mita ile ile ya ujazo inakuwa na karibu kilo 2.4 za hewa. Maana yake bawa lililojazwa ni zito kuliko lilivyokuwa limekunjwa mfukoni. Kinachoinua ndege hii ndicho kinachoinua ndege nyingine zote: bawa linapita kwa mwendo, linaisukuma hewa kwenda chini, nalo linasukumwa juu. Hewa iliyo ndani haihusiki na kunyanyua. Imewekwa humo ili bawa lisimame lisilegee.

Kipo chombo kimoja ambacho gesi hufanya kazi zote mbili, nacho ni ile meli ya anga laini yenye umbo la embe refu, isiyo na mifupa ndani. Humo heliamu inanyanyua, na papo hapo inashikilia umbo. Nadhani chombo hicho ndicho kilichowachanganya wengi, maana kiwanda kilichokuwa maarufu kwa meli hizo, Goodyear wa Akron, Ohio, ndicho pia kilichotengeneza ndege ya upepo mashuhuri kuliko zote. Tutaifikia.

Kitambaa kinajua kuvutwa tu

Chukua chupa ya plastiki ya soda ambayo haijafunguliwa. Ibane kwa mkono. Ni ngumu kama gogo. Ifungue, gesi itoke, ubane tena: kidole kimoja kinaizamisha. Plastiki haikubadilika, wala soda haijapungua hata tone. Kilichoondoka ni presha.

Sababu yake inatokana na tabia ya vitu vyembamba. Uzi ukiuvuta unakataa; ukiusukuma unajikunja. Kitambaa ni nyuzi zilizofumwa, kwa hiyo nacho ni hivyo hivyo: kina nguvu nyingi kikivutwa na hakina chochote kikisukumwa. Bawa, kwa upande wake, linapata yote mawili kwa wakati mmoja. Ndege ikiwa angani, mnyanyuo unayapinda mabawa kuelekea juu. Upande wa chini wa bawa unavutwa, upande wa juu unabanwa. Boriti ya mbao au ya alumini inastahimili hali zote mbili. Kitambaa kitupu kingejikunja upande wa juu mara moja.

Presha inafanya hila ya kuweka akiba. Kabla ndege haijaondoka ardhini, hewa ya ndani imekwisha kukivuta kitambaa kila upande, juu na chini sawasawa. Bawa likianza kupindwa, upande wa chini unazidi kuvutwa. Upande wa juu, ambao ulipaswa kubanwa, haubanwi. Unapunguziwa tu ule mvuto uliowekewa mwanzoni. Akiba inaliwa kidogo kidogo. Muda wote ambao bado ipo, kitambaa hakijui kwamba kuna anayekisukuma, na bawa linabaki limenyooka. Akiba ikiisha mahali fulani, kwa kawaida upande wa juu karibu na shina la bawa, kunyanzi la kwanza linatokea hapo.

Kunyanzi hilo si mwisho wa bawa. Kwa hesabu za mrija wa kitambaa chembamba, mzigo unaweza kuongezeka hata mara mbili ya ule ulioleta kunyanzi la kwanza ndipo mrija ukunjike kabisa. Hata ukikunjika, punguza mzigo: unarudi ulivyokuwa. Boriti ya alumini iliyopindwa kupita kiasi inabaki imepinda, na bawa la kaboni linapasuka. Bawa la upepo linainama, kisha linasimama tena kama nyasi baada ya mvua. Kwangu mimi hii ndiyo sifa nzuri kuliko zote za vifaa hivi, na ndiyo isiyotajwa vya kutosha.

Sasa tuingize namba, maana hapa ndipo mhandisi anapofanya uamuzi. Fikiria mrija wa kitambaa wenye kipenyo cha sentimita 20, uliofungwa upande mmoja ukutani na kuchomoza mita 1, na presha ndani yake ni ile ya kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Mrija huo unabeba kilo 16 hivi kwenye ncha kabla ya kunyanzi la kwanza. Ongeza presha mara mbili: unabeba kilo 32 hivi. Acha presha kama ilivyokuwa, ongeza kipenyo mara mbili kifike sentimita 40: unabeba karibu kilo 125. Presha inaongeza nguvu kwa uwiano wa kawaida, lakini unene unaongeza kwa kipeo cha tatu. Nene mara mbili, nguvu mara nane.

Anayelipa gharama ni kitambaa. Mrija wa sentimita 20 kwa presha ile ya kwanza unakivuta kitambaa chake, kwa kuuzunguka, kwa kilo 10 katika kila sentimita moja ya upana. Ukiongeza presha mara mbili inakuwa kilo 20. Ukiongeza kipenyo mara mbili nako inakuwa kilo 20. Ni mateso yale yale kwa kitambaa, ila njia ya kwanza imekupa kilo 32 kwenye ncha na ya pili imekupa 125. Kwa hiyo mhandisi wa mabawa ya upepo siku zote huvutwa kwenye unene. Na bawa nene hukinzana na hewa. Ukitaka kujua kwa nini ndege za aina hii huwa za mwendo wa pole, jibu liko hapo.

Jambo moja zaidi linachanganya hata watu waliosoma fizikia. Nguvu na ugumu si kitu kimoja. Presha ndiyo inayoamua bawa litabeba kiasi gani kabla ya kukunjamana. Lakini litainama kiasi gani kabla ya kufika huko, hilo huamuliwa zaidi na kitambaa chenyewe, yaani nyuzi zake zinanyumbuka kiasi gani. Nailoni inanyumbuka, kwa hiyo bawa la nailoni litayumba hata ukilijaza mpaka lilie. Vektrani, uzi mkali uliotumika kwenye mifuko ya hewa ya chombo cha Pathfinder kilichotua Mirihi kwa kudundadunda mwaka 1997, haunyumbuki ovyo. Mabawa ya upepo ya siku hizi yanaweza kuwa membamba kuliko ya zamani kwa sababu nyuzi zimekuwa bora. Hewa ni ile ile.

Nyuzi elfu ndani ya bawa

Mrija ni duara, na bawa si duara. Hewa iliyoshindiliwa hutaka kila kitu kiwe mviringo. Ukijaza mfuko wa umbo lolote utavimba kuelekea kwenye tufe au soseji. Namna ya kuilazimisha hewa ikae katika umbo pana, bapa, lenye mgongo uliopinda taratibu ndiyo iliyowasumbua wabunifu kuliko suala la nguvu.

Wengine huweka mirija mingi ubavu kwa ubavu, minene mbele na myembamba nyuma, kisha huridhika na bawa lenye matuta. Kwa ndege ndogo za mwendo mdogo matuta hayo hayana hasara kubwa kama mtu angedhani. Wengine huweka mrija mmoja mnene mbele uwe boriti, halafu hutandaza kitambaa kuelekea nyuma. Njia ya tatu ndiyo iliyonishangaza nilipoiona kwa mara ya kwanza.

Kama umewahi kukaa ufukweni ukaona ule ubao mrefu wa kusimama na kupiga kasia, unaokuja umekunjwa kwenye begi na kujazwa kwa pampu, basi umeiona nawe. Ukipata uliochanika, chungulia ndani. Ngozi ya juu na ngozi ya chini zimeunganishwa kwa maelfu ya nyuzi fupi zilizosimama wima, zote za urefu mmoja, zimesongamana kama manyoya ya brashi. Mtu akijaza upepo, ngozi mbili hutaka kuachana, nyuzi huzishika. Ubao wa kawaida una eneo la kama mita za mraba 2.2, na presha yake ni ile ile ya kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Zidisha: ngozi hizo mbili zinasukumwa ziachane kwa nguvu ya tani 22. Malori mawili yenye mzigo, ndani ya kitu kinachobebwa kwapani! Nyuzi zikiwa moja kwa kila sentimita ya mraba, kila moja inashika kilo 1 tu. Na ukitaka unene ubadilike kutoka mbele hadi nyuma, unabadilisha urefu wa nyuzi wakati wa kufuma. Bawa linafumwa kama jamvi, pamoja na umbo lake.

Goodyear waliita kitambaa chao cha namna hiyo Airmat, na mwaka 1956 walikitumia kutengeneza ndege nzima. Bawa, mkia, kiwiliwili, hata kiti cha rubani, vyote vilikuwa kitambaa cha nailoni kilichopakwa mpira. Injini na magurudumu havikuwa upepo, pamoja na nyaya na vyuma vichache. Waliipa jina Inflatoplane. Kutoka wazo hadi ndege ya kwanza kuruka zilipita wiki 12.

Jeshi la Marekani lilikuwa na shida ya wazi. Rubani akidunguliwa nyuma ya mstari wa adui, nani atakwenda kumchukua? Mpango ulikuwa kumdondoshea kasha lenye ukubwa wa mita za ujazo 1.25 hivi, kubwa kidogo kuliko friji ya nyumbani. Angelifungua, akatandaza ndege, akaijaza, akaruka mwenyewe. Ile ya mtu mmoja ilikuwa na mabawa ya mita 6.7 kutoka ncha hadi ncha, uzito wa kilo 102 hivi, na injini ya nguvu-farasi 40 iliyofungwa juu ya bawa nyuma ya kichwa cha rubani. Presha yake ilikuwa chini ya ile ya tairi la gari. Ilikwenda kilomita 116 kwa saa ikijitahidi, na kwa tangi lililojaa ingeweza kukaa hewani zaidi ya saa 6.

Watu huuliza swali la risasi kabla ya yote, na mimi niliuliza. Tairi la baiskeli likichomwa mwiba, upepo unakwisha kabla hujashuka. Lakini tairi la baiskeli ni dogo na presha yake ni kubwa. Bawa la ndege hii lilikuwa na ujazo mkubwa kwa presha ndogo, na tundu la risasi ni dogo kwa ujazo huo. Isitoshe, injini ilikuwa inazungusha pampu muda wote wa safari. Kinachovuja hapa kinarudishwa pale. Matundu machache yalivumilika. Ndege ilipungua upepo polepole, wala haikupasuka kama puto la sikukuu.

Ilijaribiwa ikiwa na ukubwa wake kamili kwenye handaki kubwa la upepo la Langley, Virginia, yaani chumba kirefu ambamo ndege hupulizwa hewa ili ipimwe. Zilijengwa 12. Katika majaribio ya jeshi rubani mmoja alifariki, na namna alivyofariki inafaa ieleweke vizuri, maana ajali hiyo husimuliwa kana kwamba bawa lilitoboka. Waya wa usukani uliokuwa chini ya bawa ulichomoka kwenye kapi yake, usukani ukakwama, ndege ikaingia kwenye mpindo mkali uliozidi kiasi cha bawa kubeba. Bawa likakunjika kuelekea juu. Kukunjika huko, kama tulivyoona, lingeweza kurudi. Lakini juu yake palikuwa na injini, na panga zake zilikuwa zinazunguka. Bawa lilikatwa. Wabunifu walikuwa wamepanga ndege yao kwa desturi ya ndege za chuma, ambazo bawa halitarajiwi kufika kwenye panga, na bawa laini lina tabia tofauti. Mradi ulidumu hadi mapema miaka ya 1970, kisha ukafungwa. Helikopta zilikuwa zimekwisha kuifanya kazi ile ya kumfuata rubani.

Uingereza nayo ilijaribu katika miaka hiyo hiyo ya 1950, kwenye kituo cha Cardington kilichokuwa kitovu cha meli za anga, kwa ndege ndogo yenye bawa kubwa la pembetatu lililojazwa upepo. Mbunifu wake, Daniel Perkins, hakuishia hapo. Katikati ya miaka ya 1960 alitengeneza kwa bawa la namna hiyo ndege ya kuendeshwa kwa miguu kama baiskeli, isiyofika kilo 20, akairusha ndani ya banda lililojengwa kwa ajili ya meli za anga, mahali ambapo hata pumzi ya upepo haiingii. Ni safari fupi za mita chache juu ya sakafu. Lakini zipime kwa hesabu ya nguvu za miguu ya mtu na utaona ni jambo zito.

Kutoka Kerio hadi Paje

Mabawa ya upepo yaliyofanikiwa kweli hayaitwi ndege, na yapo kwetu. Ukisimama kwenye ukingo wa Bonde la Kerio karibu na Iten, kati ya Januari na Machi, utawaona warukaji wa parashuti zenye umbo la bawa wakipanda na hewa ya moto inayotoka bondeni. Parashuti hizo ni mabawa ya kujazwa upepo, ila hazina pampu wala kifuniko. Zina vinywa wazi upande wa mbele, na hewa ya safari ndiyo inayoingia na kuzijaza.

Presha yake ni ndogo ajabu. Mrukaji anakwenda kama kilomita 36 kwa saa, na mwendo huo unaleta presha isiyofika gramu 1 kwa sentimita ya mraba. Ubao wa kupigia kasia una zaidi ya mara elfu moja ya hiyo. Presha ndogo namna hiyo haiwezi kustahimili kupindwa hata kidogo, na ndiyo maana utaona nyuzi nyingi kutoka kwenye bawa hadi kwa mtu. Hewa inashika umbo, nyuzi zinashika mzigo. Parashuti hizo zikikutana na hewa iliyochafuka, upande mmoja unaweza kuporomoka, na rubani mzoefu anaujaza tena kwa kuvuta breki. Ni ile sifa ya kuinama na kurudi, ikifanya kazi mbele ya macho yako.

Paje, upande wa mashariki wa Unguja, mambo ni tofauti. Siku moja wakati wa kusi nilikaa kivulini nikimtazama kijana akiandaa tiara la kuvutia ubao juu ya maji. Alilikunjua kutoka kwenye begi, likawa rundo la kitambaa lisilo na mfupa hata mmoja. Alifunga mpira wa pampu, akapiga mikono mitano sita, na ukingo wa mbele ukaanza kujinyoosha kama mtu anayeamka. Alipofika mwisho aliupiga kidole. Ukalia kama ngoma. Ule ndio mlio anaoutaka, na hakutazama kipimo hata mara moja. Kisha akaligeuza tiara kifudifudi, akamwaga mchanga juu ya kitambaa lisiondoke na upepo.

Ndani ya ule ukingo kuna mrija wenye hewa ya nusu kilo hivi kwa sentimita ya mraba, na mirija midogo inatoka kwake kama mbavu. Baina ya mbavu ni kitambaa kimoja tu, kama tanga la jahazi. Muundo huu ulisajiliwa mwaka 1984 na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux. Nao hawakuwa wanatafuta wepesi. Walitaka tiara likianguka majini lielee na liweze kuondoka tena.

Yule kijana alipokwenda kula chakula cha mchana alifungua kizibo akatoa upepo kidogo. Kwa nini? Hewa iliyojazwa ikiwa na joto la nyuzi 25, ikiachwa kwenye jua mpaka ndani ya mrija kufike nyuzi 60, presha ya nusu kilo inapanda kufika karibu kilo 0.7. Mpira wa ndani wenye kiraka cha zamani unapasuka hapo. Hakuna aliyemfundisha hesabu hiyo. Amepoteza mipira ya kutosha kuijua.

Hewa ya juu ina mtego wake

Kijana wa Paje anapambana na jua. Ndege inapambana na mwinuko pia. Jaza bawa pwani kwa nusu kilo, panda nalo hadi mita 3,000: hewa ya nje imepungua kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo hewa ya ndani inaonekana imeongezeka nguvu. Baridi ya juu inaipunguza kidogo. Ukijumlisha yote mawili unapata kama kilo 0.7, sawa na tiara lililosahauliwa juani.

Dawa inayomjia kila mtu kwanza ni kuweka kizibo kinachojitoa chenyewe presha ikizidi. Kizibo kinafanya kazi yake, bawa linarudi kwenye nusu kilo likiwa huko juu, rubani anafurahi. Kisha anaanza kushuka. Hewa ya nje inaongezeka, na ile iliyotolewa haipo tena. Akifika pwani bawa lina kilo 0.27, karibu nusu ya alichoondoka nacho, nalo linalegea wakati wa kutua, ambapo anahitaji bawa thabiti kuliko wakati wowote. Kwa hiyo kizibo peke yake ni hatari. Lazima pawepo na pampu inayorudisha. Ile pampu ya Goodyear iliyokuwa ikizungushwa na injini ilikuwa ya lazima hata pasipo risasi.

Kwa Mirihi hesabu inageuka kabisa. Hewa ya huko haifiki asilimia 1 ya ya kwetu, kwa hiyo ndege ya kuruka huko inahitaji mabawa mapana, na mabawa mapana hayaingii kwenye kapsuli ya roketi. Kuyakunja ndiyo njia. Mwaka 2001 NASA, shirika la anga la Marekani, ilirusha California kindege kisicho na rubani ambacho mabawa yake yalijazwa naitrojeni kikiwa tayari angani. Yalifunguka kwa kama theluthi moja ya sekunde. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kentucky wakaja na wazo lingine: mabawa yaliyoloweshwa utomvu maalumu unaoganda kwa miale ya jua. Mwaka 2003 waliyapeleka juu kwa puto, yakajazwa yakiwa zaidi ya kilomita 15 angani, na jua likayafanya magumu. Baada ya hapo hewa ya ndani haina kazi tena. Hata ikivuja yote, bawa limesimama.

Waswisi walipita njia ya katikati inayoitwa Tensairity. Fimbo nyembamba inawekwa juu ya mrija ili ibebe msukumo, nyaya zinauzunguka mrija na kushika mvuto, na hewa ya presha ndogo inabaki na kazi ya kuizuia fimbo isijipinde. Kila kitu kinafanya kile kinachokiweza. Mwaka 2005 walijenga kwa namna hiyo daraja la mita 52 kule Lanslevillard, Ufaransa, kwa ajili ya wachezaji wa theluji. Wazo hilo limejaribiwa pia kwenye matiara makubwa ya kuzalishia umeme.

Kwa nini basi viwanja vya ndege havijajaa mabawa ya namna hii? Naamini ni kwa sababu watu wengi wameyatafutia sifa isiyo yake. Wameyatafuta kwa wepesi. Lakini ukijumlisha kitambaa, mpira wa ndani, vizibo, pampu na hewa yenyewe, bawa la upepo la mita 10 halilishindi kwa tofauti kubwa bawa zuri la kaboni na povu, na la kaboni ni jembamba, lina kasi, wala halihitaji kuangaliwa presha kila asubuhi. Jua linachosha kitambaa. Mikunjo ya mara kwa mara inachubua mpira pale pale panapokunjwa. Anayetafuta mwendo au kubeba abiria hana sababu ya kuhangaika na mambo hayo.

Pale linaposhinda bila mpinzani ni kwenye ujazo wa kusafirishia: kitu cha mita 7 kinachoingia kwenye kasha, cha mita 12 kinachoingia kwenye begi la mgongoni. Linashinda pia pale ambapo kuanguka hakukwepeki, maana huinama likainuka. Ukizisoma zile zilizofanikiwa na zilizoshindwa kwa jicho hilo, mstari unaonekana wazi: parashuti ya Kerio, tiara la Paje, kindege cha NASA, na hata ile ngao ya joto ya NASA yenye kipenyo cha mita 6 iliyojazwa angani Novemba 2022 na kurudi salama, zote zilichaguliwa kwa sababu kitu kikubwa kilitakiwa kupita kwenye mlango mdogo, au kuanguka na kuinuka tena.

Saa 11 jioni, maji yalipotoka Paje, kijana yule alifungua kizibo kikubwa. Upepo ulitoka kwa mlio mmoja mrefu, tiara likalala. Alilikunja kuanzia ncha zote mbili kuelekea katikati, akilikandamiza kwa goti kutoa hewa iliyobaki, akalisukuma ndani ya begi, akapanda bodaboda nalo mgongoni: bawa la mita za mraba 12.